Risasi ya Tundu Dogo

Njiwa alirudi. Alitua juu ya pipa la maji, akayumba, akaanguka miguuni pa Sadallah, na kabla hajamwokota alishakata roho.

Sadallah alimtambua: yule mweupe mwenye doa shingoni, mmoja wa njiwa wake kumi na wanane waliohama. Kifuani alikuwa na jeraha la siku nyingi, limeshaanza kunuka. Akalichokoa kwa ncha ya kisu, akatoa risasi ndogo ya bunduki ya upepo, kiuno kimebana kama cha nyigu.

Loo! Kumbe hawakuhama. Walipigwa risasi.

Kwa ajili ya njiwa hao alikuwa amemwacha mke, na wiki mbili zilikuwa hazijatimia.

Watu wa pwani wanaamini kuwa nyumba isiyo na amani njiwa hawakai. Miaka mitano Munira aliomba talaka, akisema amechoka kufokewa kutwa kucha, na miaka mitano jibu la Sadallah lilikuwa kumwonyesha kibanda cha njiwa kwa kidole. Amani haipo? Mbona hawa wapo? Hata baba mkwe, siku alipokuja kusuluhisha, aliwatazama wanavyojazana pale juu, akamwambia binti yake avumilie.

Kisha wakaanza kupungua. Wakabaki kumi na watatu, wakabaki saba. Kila jioni Sadallah akirudi Mbagala kutoka Kurasini, alikoshinda akilinda geti la yadi ya makontena, alikuta uwanja umefagiwa safi na njiwa hawatimii. Walipokwisha kabisa aliona wamemsuta mbele ya mtaa mzima. Hasira zote akamtupia Munira, kwamba mdomo wake ndio uliowafukuza. Akaandika talaka moja.

Siku ya kuondoka alitaka kumsaidia kupakia vitu kwenye mkokoteni. Munira alimwachia abebe sanduku, masufuria, hata godoro. Mkeka tu hakukubali auguse. Ulikuwa umeviringishwa na kufungwa kamba. Aliukumbatia kifuani, akaenda nao hivyo hivyo. Ulikuwa mkeka wao wa harusi, na Sadallah, mwanamume mzima na ndevu zake, aliingia ndani akalia.

Sasa risasi ilikuwa kiganjani mwake, na alijua ilikotoka. Jirani yake Jamali, mfuga kuku, ndiye aliyemjia barazani miezi mitatu nyuma kutaka ushauri. Kunguru walikuwa wanammalizia vifaranga, na siku hizi za ruksa, kila bidhaa ikiruhusiwa kuingia, hata bunduki za upepo zilikuwa zimeingia madukani Kariakoo. Achukue ya tundu lipi?

Nani asiyependa kuulizwa anachokijua? Sadallah aliwahi kuwabebea wawindaji bunduki kule Rufiji, basi akashusha somo. Ya tundu kubwa, namba 22, inapiga kwa nguvu, lakini risasi yake ni nzito, inainama njiani, inataka mzoefu. Anayeanza achukue tundu dogo, namba 177. Hiyo inakwenda moja kwa moja, na risasi zake rahisi. Alichukua hata ufagio akaonyesha namna ya kulenga. Munira alikuwa pembeni akichambua mchele, na aliuliza swali moja tu: hiyo ndogo, majirani watasikia ikilia? Sadallah akamjibu kwamba ni kama mtu kupiga kofi, basi. Alifurahi kwamba siku hiyo mkewe alikuwa amemsikiliza.

Alivuka uchochoro nusu mbio kwa uchungu. Mtu aliyekula naye sahani moja, aliyemfundisha kwa mdomo wake mwenyewe, ndiye aliyemvunjia nyumba! Lakini chini ya uchungu ule furaha ilikuwa inampanda, na hakuweza kuizuia. Njiwa hawakuhama, basi amani ilikuwepo. Na eda ya Munira ilikuwa haijaisha. Angemalizana na huyu mnafiki, aoge, avae kanzu, aende Tandika kwa wakwe zake akamrejee mkewe leo leo.

Jamali alikuwa akiwamwagia kuku pumba. Alimwamkia, shikamoo kaka.

"Lete bunduki yako," alisema.

Jamali akaingia ndani akaitoa. Sadallah aliukunja mtutu, akaitumbukiza ile risasi kwenye tundu mahali pake. Haikukaa. Ilipita ndani ya mtutu mzima, ikatokea upande wa pili, ikadondoka mchangani katikati ya kuku.

Akaiokota, akarudia. Ikadondoka tena.

"Hii ni tundu kubwa," alisema. "Mie nilikwambia uchukue dogo."

Jamali aliinamisha kichwa.

"Nisamehe, kaka. Niliona aibu kukwambia. Nilichelewa kwenda, na duka zima zilikuwepo mbili tu. Ile ndogo nilikuta ameshaichukua mama mmoja, jana yake. Muuzaji bado alikuwa anamcheka. Anasema alitaka kumfungia kwa magazeti, mama akakataa. Alikuwa amekuja na mkeka wake."