Siagi Kwenye Bawa

Bawa la kushoto lilikuwa safi. Nilikuwa nimelisugua kwa sabuni na kulifuta kwa esansi, petroli ya pikipiki, maana rangi haishiki aluminiamu yenye mafuta.

Mwenye duka kule Mubi alitaka kuniuzia ile nyekundu ya kupaka mabati ya nyumba. Nilikataa. Nyumba hairuki. Kwa ndege niliyoijenga kwa mikono yangu nilichagua njano ya kutangulia chini, inayong'ang'ania aluminiamu, na nyeupe ya kupaka juu yake, ili Masisi yote inione nikipita. Jumapili, baada ya misa, ningeruka kutoka malisho ya Bihambwe hadi Walikale. Kufika ningefika.

Nilipochovya burashi, mama akaingia bandani nilimoijengea ndege. Tangu nipige riveti ya kwanza hakuwahi kukanyaga banda lile. Alisema muntu hajichongei mwenyewe sanduku yake ya kuzikiwa.

Alikuwa ametoka kusukasuka kibuyu cha maziwa, na mikono yake iling'aa siagi. Hakunisalimu. Aliweka kiganja juu ya bawa, akafumba macho, akaanza kuomba.

Nikaiona siagi ikitambaa kwenye aluminiamu. Hapo rangi ingebanduka tu.

Alipofumbua macho akaniangalia usoni. "Séraphin, nimeharibu kintu?"

"Hapana, mama. Usitoe mukono."

Nikapaka njano kuzunguka vidole vyake, kimoja kimoja, polepole, mpaka kwenye kifundo cha mkono, ili umbo la kiganja chake libaki pale bila rangi.

"Sasa kuja ku bawa ya kuume," nikamwambia. "Ndege haiwezi kuruka na baraka ya upande moja."