Sahani ya Watu Wawili

Stanislas alikuwa amejibanza nyuma ya turubai la harusi, kipande cha nyama ya mbuzi mkononi, na bado hajathubutu kukitia mdomoni. Mafuta yalimtiririka hadi kwenye kiwiko. Aliangalia kushoto, akaangalia kulia, akameza mate.

Aliyempa nyama hiyo ni Djo, shemeji yake, kaka wa mkewe Madeleine na baba wa bibi harusi. Djo alimhurumia. Michopo ya mbuzi ilikuwa inachomwa, imekolea chumvi na pilipili, moshi umetanda mtaa mzima wa Katuba, na mzee huyu, zamani bingwa wa kula, ameketi mezani na mboga ya lengalenga ya kuchemsha. Djo akamvuta mkono, akamwambia dada yake Madeleine yuko kwenye muziki, hataona.

Tangu Pasaka nyumba ya Stanislas haikuwa na chumvi. Mume na mke walikwenda kituo cha afya kupimwa, Madeleine akatangulia kurudi jikoni, Stanislas akabaki kusubiri majibu kwa muuguzi Honorine. Aliporudi, uso ulikuwa umemshuka. Akamwambia mkewe kwamba presha imempanda vibaya, na chakula kisipobadilika nyumba hii italia kabla ya mwaka kwisha.

Madeleine huuza samaki wakavu wa Pweto sokoni, na malaria ikimshika huenda nayo sokoni. Lakini kwa mumewe alilia mpaka macho yakavimba. Kesho yake bitoyo, samaki wa chumvi aliowapenda kuliko kitenge kipya, hawakuingia tena jikoni. Bia nayo ikaenda zake. Na kwa kuwa walikuwa wakila sahani moja tangu waoane, alichoacha mume, mke naye aliacha. Kupika vyungu viwili, kwa Madeleine, ni kumtenga mtu akiwa bado hai. Kupimwa pia walirudi pamoja kila mwezi, na majibu aliyapokea Stanislas.

Matembezi ya asubuhi waliyashindwa mapema. Badala yake, kila jioni walishusha pazia, wakawasha redio, wakacheza rumba mpaka jasho likawatoka, Madeleine akicheka kama msichana. Hapo tu ndipo Stanislas alipotulia. Saa nyingine zote alizunguka ua kama mtu aliyepoteza funguo. Aliota nyama. Aliwachukia majirani kila walipowasha mbabula, majiko yao ya makaa. Aliogopa jeneza, na zaidi aliogopa kwamba mdomo wake mwenyewe ndio utakaolileta.

Sasa mdomo huo ulikuwa wazi, na kipande kimeshagusa meno.

"Baba Nono."

Madeleine alikuwa amesimama pembeni ya turubai, anahema kwa kucheza, sahani imejaa michopo mkononi. Stanislas alingoja ugomvi. Haukuja.

"Kula tu, baba," alisema polepole. "Mi pia ninachoka. Leo tukule bote, kesho tutarudilia lengalenga."

Akaketi kwenye kreti tupu, akaiweka sahani katikati yao kama nyumbani, akachagua kipande kinono chenye chumvi ya kuonekana kwa macho.

Stanislas alikitupa kile chake. Kisha akamnyang'anya mkewe kipande, akainyakua na sahani, akaimwaga yote mbele ya mbwa wa jirani, ambaye hakungoja kukaribishwa.

Djo alikasirika kwelikweli. Alisema hakuchinja mbuzi wa harusi ya binti yake ili mbwa washibe, na kwamba presha ya shemeji yake sasa imefika kichwani. Wageni walioona walicheka. Madeleine hakucheka. Alimfuta mumewe mafuta mkononi kwa pindo la kitenge chake, akamwambia hatamjaribu tena, akarudi kwenye muziki.

Stanislas alibaki pale, njaa inamuuma na aibu inamuuma zaidi. Muuguzi Honorine, ambaye naye alialikwa na alikuwa ameona yote, akaja na glasi ya maji, akaketi kwenye kreti. Alimwambia kwa sauti ya chini kwamba kipande kimoja siku ya harusi hakiui mtu.

"Ninajua," Stanislas akajibu. "Lakini mi nikikula kamoja, ye atamaliza sahani."

Honorine alimtazama Madeleine, aliyekuwa anazungusha kiuno mbele ya bibi harusi huku watu wakimshangilia.

"Presha ya mama inaanza kushuka, papa," alisema. "Yako haiyapandaka hata siku moja."