Nani Amepuliza?

"Nani amepuliza?"

Deverell aliuliza mara ya tatu, na safari hii alivua kofia. Kiongozi wa mstari wa tuba havui kofia siku ya mechi isipokuwa kuna msiba. Wenzake wa bendi ya chuo walisimama chini ya jukwaa la uwanja, tuba, yale mabaragumu makubwa ya shaba, zimewazunguka mabegani kama chatu, kila mmoja anatazama viatu vyake.

"Si mimi," alisema Percival. "Naapa kwa kaburi la bibi yangu, mdomo wangu ulikuwa mbali."

"Bibi yako yumo humu uwanjani. Nimemwona anakula kambare wa kukaanga."

"Basi labda ni tumbo langu. Maharage ya jana hayajatulia."

"Tumbo gani hilo? Hata bendi ya wapinzani imegeuka! Tunaingia uwanjani vizuri, katikati ya wimbo, mara sauti ile inatoka kwenye mstari wangu. Mstari wangu mimi! Nani amepuliza?"

Shandrika Guillory alizidi kutazama viatu vyake. Ni yeye.

Hakukusudia. Bendi ilipoinama kuwasalimu wazee wa chuo, kitu cha kijivu kilidondoka kutoka kwenye mdomo mpana wa tuba yake. Akadhani ni panya. Akashtuka, pumzi ikamtoka yote, na tuba ikalia kama fahali aliyekanyagwa mkia. Alipoona kile kitu hakina miguu alikiokota, akakisokomeza ndani ya koti la sare na kuendelea kuinua magoti.

Lakini panya hakuwa tatizo lake. Tatizo lake lilikuwa kwamba hajui kupiga tuba.

Tuba yenyewe ilikuwa ya mama yake, Ernestine, aliyepita katika mstari huohuo enzi za ujana wake. Majira yote ya joto Shandrika alijifungia gereji akiipuliza mpaka machozi yakamtoka, na tuba isitoe hata kwikwi. Alipokwenda kulalamika, mama hakuacha hata kukoroga chungu.

"Usiniletee kilio jikoni kwangu. Inua magoti, zungusha kiuno. Mimi hapo chuoni waliniita Radi."

"Kwa sababu ulipiga kwa nguvu?"

"Hayo umesema wewe. Lete chumvi."

Siku ya kujiunga, Deverell naye hakumwomba apige chochote. Alimtazama miguu tu. "Goti lako linafika wapi?" Shandrika akaliinua mpaka kifuani. "Umeingia," Deverell akasema, akamtupia sare.

Basi akajifunza. Jua la Louisiana likimkaanga, alijifunza kutikisa mabega, kupepesuka bila kuanguka, kuibeba tuba kama haina uzito. Wenzake walipovimbisha mashavu, naye alivimbisha. Hakuna aliyemshtukia. Kibaya zaidi, Profesa Hollins, mwalimu wa bendi, hakuchoka kuusifu mstari wao. "Tarumbeta mnanitia aibu!" alifoka kila jioni. "Tazameni wenzenu wa tuba. Tangu nianze kazi hapa hawajakosea noti hata moja!"

Kila aliposikia hivyo Shandrika alitamani ardhi ipasuke immeze. Watu wote hawa mafundi, na yeye peke yake tapeli katikati yao.

Juu ya vichwa vyao jukwaa lilianza kutetemeka. Mapumziko ya mechi, zamu yao ya kuingia tena, yalikuwa yamekaribia. Mahali fulani huko juu, Ernestine alikuwa amekaa na koti lake la zamani la bendi, amekwisha kumwambia kila mtu wa safu yake amtazame binti wa tuba, yule wa mwisho kulia.

"Sawa," Deverell alisema. "Kama mhusika hajitokezi, nakwenda kumwambia Profesa sisi leo hatuingii. Mstari mzima. Heri uwanja ukae bila tuba kuliko sauti ile itoke tena."

Akageuka kweli, akaanza kwenda.

Shandrika aling'oa manyoya mekundu kwenye kofia yake, akamkimbilia, akamtilia mkononi.

"Ni mimi. Sijui kupiga tuba. Sijawahi kujua. Nimewadanganya tangu siku ya kwanza. Nitoeni mimi, nyinyi mkaingie."

Percival akasogea karibu, macho yamemtoka.

"Hujui kabisa kabisa?"

"Kabisa."

"Hata wimbo wa kubembelezea mtoto?"

"Hata huo."

Deverell alishusha pumzi ndefu, akaegemea nguzo kama mtu aliyerudishiwa roho yake.

"Mdogo wangu, si ungesema mapema! Mimi nilidhani tumeingiliwa na mtu anayejua." Akamrudishia manyoya. "Haya, soksi yako iko wapi?"

"Soksi gani?"

Mmoja baada ya mwingine, wapiga tuba wote wakainamisha vyombo vyao mbele yake. Kwenye koo la kila tuba ilikuwa imeshindiliwa soksi nene ya sufu. Ya Percival ilikuwa na maua.

Shandrika akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa kile kitu cha kijivu. Kilikuwa kimechakaa na kinanuka gereji, lakini herufi zilizotariziwa kisiginoni bado zilisomeka vizuri: RADI.

Filimbi ya kuingia ikalia. Shandrika akaishindilia soksi mahali pake mpaka mkono ukazama kiwikoni, akachomeka manyoya kwenye kofia, akavimbisha mashavu, akaingia uwanjani na wenzake, goti kifuani.

Juu jukwaani Ernestine alitega sikio, akasikiliza kwa makini, hakusikia tuba hata moja, akasimama kupiga makofi.