Karatasi ya Kiwanja cha Kanisa

Dole gumba la Nestori lilikuwa limeshapakwa wino, lakini lilisimama juu ya karatasi likakataa kushuka.

"Hapo tu, mzee wangu," alisema mwenyekiti wa kigango. "Jimbo haliwezi kukipandisha kigango chetu kuwa parokia bila karatasi ya kiwanja."

Kiwanja hicho kilikuwa shamba la mihogo la marehemu mke wa Nestori. Mama huyo alilitoa kwa kanisa kwa mdomo tu, waumini wakiwa kaya tisa, na kila Jumamosi akawa anasiliba sakafu ya kanisa kwa udongo, kwa mikono yake. Sasa wamejaa mpaka wengine wanasali nje. Lakini siku ya kumzika, viongozi walikwenda Mpanda kumlaki askofu, na ufunguo wa kanisa ukaenda nao mfukoni. Jeneza likaombewa mlangoni, linanyeshewa.

"Nyie wakubwa mnatukumbuka mkiwa na shida," Nestori alisema.

"Mzee, msamaha si tulishaomba?"

"Mliniomba mimi. Mimi sikuwa ndani ya jeneza."

Nestori akalitazama dole lake. Wino ulikuwa umeingia kwenye nyufa zilizochanwa na jembe, na ulianza kukauka.

"Beba karatasi yako twende kaburini. Umwambie mwenyewe ulikuwa wapi siku ile, kwa sauti, kama unavyosoma matangazo. Ukimaliza, nitaweka dole huko huko."

"Nikimtuma katekista je?"

Nestori alikuwa ameshatoka, amelikinga dole kwa kiganja ili jua lisiukaushe wino.