Mwito wa Kanga Ulioboreshwa Kila Asubuhi

Asinibishie mtu. Nilikuwepo mwenyewe, nimejibanza nyuma ya kichuguu, macho yote mawili wazi.

Bi Matone, kanga mlinzi, alikuwa na vifaranga wachanga, na mwito wake wa hatari ulikuwa mrefu: "Kekekekeke-kaa! Kekekekeke-kaa!" Kundi likiusikia, mbio kichakani. Lakini kiongozi wao, Mzee Shungi, alikuwa na ada yake: kila asubuhi wakutane, waboreshe kitu.

"Bi Matone, pumzi nyingi zinapotea bure," alisema. "Hebu punguza kidogo."

Akapunguza. Kesho yake akaambiwa apunguze tena. Ukabaki "Kaa!", halafu "Ka", halafu kupanua mdomo tu, kimya.

"Na kicheche akija, baba?"

"Wewe mama, kila siku unaturudisha nyuma! Akija, utapanua mdomo."

Kicheche akaja kweli, anawanyemelea vifaranga. Mzee Shungi ndiye aliyemwona kwanza, akasimama wima, akapanua mdomo kwa ufundi wake wote. Kicheche akastaajabu, akampigia makofi, kisha akamkwapua yeye. Hapo Bi Matone akaupiga ule mwito wa zamani, mzima mzima, na vifaranga wakatokomea kichakani.

Asubuhi kundi likakutana.

"Mzee wetu ameliwa bila kupoteza pumzi hata moja!" wakajisifu. "Ila Bi Matone, zile kelele zako za jana, tafadhali ziboreshe."

Yote hayo ni kweli tupu. Makofi ya kicheche tu ndiyo niliyoyaongeza mimi, maana mikono yake ilikuwa na kazi nyingine.