Tochi Inayokesha

Mwanamke aliingia dukani na matope hadi magotini, akazipita tochi nzuri zote, akaenda moja kwa moja kwenye kapu la mlangoni, lile la vitu ambavyo duka lilishakata tamaa navyo. Akachomoa tochi ya kichwani, ya manjano, yenye mkanda unaonuka plastiki.

"Hii," alisema. "Niambie habari za hii."

Muuzaji alisogea akiburuta miguu. Alikuwa amesimama tangu asubuhi, na jana yake hakulala, wala juzi. Nyumbani kulikuwa na mapacha wachanga, na wale wawili ni kama walikubaliana tangu tumboni kulia kwa zamu. Alikuwa na uchovu wa mtu kusinzia wima. Alichotamani ni mteja huyu wa mwisho achague haraka, aende zake salama.

"Hiyo achana nayo, dada. Unataka ya kutembelea usiku au ya kambini?"

"Vyote viwili."

"Basi njoo huku." Akateremsha moja kutoka rafu ya juu. "Hii ni nyepesi, ukishaivaa unaisahau. Unaiinamisha hivi, usiwamulike wenzako machoni. Ina taa nyekundu ya kutumia ndani ya hema. Mvua haiingii. Na betri ikichoka inakukonyeza kwanza, haikuzimikii ghafla."

"Nzuri," alisema mwanamke bila kuitazama. "Lakini mimi nimekuuliza hii."

Nyuma ya kaunta mtu akakohoa. Alikuwa mwenye duka, ambaye wafanyakazi walimbandika jina la Mzee Hewala, maana kutwa alikuwa akiwaimbia kwamba hewala haigombi: mteja akiuliza, jibu ni ndiyo, na bidhaa ya duka haisemwi vibaya. Muuzaji wa kabla ya huyu alithubutu kumwambia mteja kwamba hema fulani linavuja, na siku hiyohiyo akaenda kunyeshewa kwao. Huyu wa sasa aliitafuta kazi hii mpaka viatu vikaisha soli. Akiipoteza, hakuwa na pa kushika, na sasa midomo nyumbani ilikuwa minne.

Mwanamke aligeuza boksi. Macho yake yalikuwa mekundu, midomo imekauka. "Hapa wameandika inawaka usiku kucha. Ni kweli?"

Lo! Katika maswali yote ya dunia, hilo. Tochi ile muuzaji aliijua kuliko aliyeitengeneza. Aliwahi kuondoka na moja kwenda nyumbani umeme ulipokatika, ikazimika kabla pacha wa pili hajashiba ziwa. Akaitia betri mpya, ikazimika tena. Mkewe akamwambia airudishe huko alikoiokota, naye hakuwahi kuirudisha.

"Imeandikwa hivyo, dada."

"Kusoma najua." Hakusema kwa hasira. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeishiwa. "Kaka yangu, tangu alfajiri kila ninayemuuliza kitu ananiambia ninachotaka kusikia. Wananionea huruma. Wewe hunijui, mimi sikujui. Nipe ukweli tu, hata ukiwa mchungu. Inakesha au haikeshi?"

Muuzaji akafungua mdomo. Neno lilikuwa tayari ulimini: haikeshi. Alimwonea huruma mwanamke yule, jamani, alimwonea kwa kweli. Kikohozi cha pili kikasikika, na safari hii kilifuatana na kiti kusogezwa.

Akawafikiria mapacha. Akafikiria pia kwamba tochi ni tochi. Ikizimika, mtu atarudi kufoka, atabadilishiwa, yatakwisha. Na alikuwa amechoka mno kuanza kutafuta kazi upya.

"Inakesha, dada," alisema. "Mpaka kunakucha."

"Una uhakika?"

"Hiyohiyo ninayo nyumbani."

La mwisho hili hakulazimishwa na mtu. Lilimtoka lenyewe, na ubaya wake ni kwamba lilikuwa kweli.

Mwanamke alifumba macho. Mabega yakamshuka, pumzi ndefu ikamtoka, kisha machozi yakafuata bila sauti. Muuzaji alishangaa. Wateja wanaolia bei alikuwa amewazoea. Anayelia kwa ajili ya betri hakuwahi kumwona.

"Nikufungie?"

"Hapana, sinunui." Aliirudisha kapuni taratibu, kama kitu cha kuvunjika. "Ahsante, kaka. Hujui umenisaidia vipi. Mungu akubariki."

Mzee Hewala akasonya waziwazi. Muuzaji akabaki ameshika mfuko mtupu, masikio yakimwaka moto. Yaani uongo wote ule, na hata kununua hakununua! Mwanamke alikuwa keshafika mlangoni, simu sikioni.

"Waambie wanaomtafuta watoke bondeni," alisema, sauti ikimtetemeka kwa matumaini. "Ndiyo, nina hakika, nimemuuliza muuzaji mwenyewe. Tochi aliyoondoka nayo mdogo wangu inawaka usiku kucha, kwa hiyo giza halikumsimamisha njiani. Atakuwa alishavuka mto usiku uleule, yuko ng'ambo. Wahamie huko wote, haraka, kabla jua halijazama. Bondeni asibaki mtu hata mmoja."