Wimbo Aliouficha Chausiku

Kazi yangu ni kuwaimbia watoto walio mahututi hospitalini. Sheria inasema kila mmoja apewe wimbo wake peke yake, na akifa, wimbo unazikwa naye. Hakuna anayeruhusiwa kuuimba tena, hata kwa mluzi. Nyimbo za redioni ziliisha zamani. Za marehemu mama yangu nimeshazigawa zote, na siku hizi nyumbani kwetu umebaki mmoja tu, ninaomwimbia binti yangu; bila huo tunapika kimya, tunafua kimya.

Wiki iliyopita Semeni, msichana wa miaka sita, alikataa kila wimbo niliompigia kwa gitaa.

"Nataka ule unaomwimbia mwanao," akasema.

Nikampa. Ningemnyimaje?

Tangu hapo binti yangu, Chausiku, akawa ananipokea mlangoni kila jioni na swali moja: "Mama, Semeni yupo?" Nikijibu yupo, tunauimba pamoja huku tukimenya viazi.

Jana aliuliza, nikatikisa kichwa. Hakulia. Alichukua kisu, akaanza kumenya peke yake.

Leo nimerudi mapema. Nikiwa nje ya mlango nikamsikia akiimba wimbo nisioujua, mtamu, aliojitungia mwenyewe. Nikasimama na viatu mkononi mpaka akaumaliza, akaurudia, akaurudia tena. Nilipoingia akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

"Huu sikupi," akasema.

"Siutaki, mwanangu," nikamwambia.

Lakini nilikuwa nimeshaushika wote, na kitanda cha Semeni kina mtoto mwingine tangu asubuhi.